Wimbo Uliotoka Kabla ya Siku Yake

Gaspard Polius alikuwa na kawaida moja jukwaani. Shairi akishalisoma nusu, hulikatiza, huinua saksafoni yake, na ile nusu iliyobaki huimaliza kwa pumzi. Watu wa Castries, mji mkuu wa kisiwa, walimpenda kwa hilo, wanawake hasa, na Anselma Hippolyte kuliko wote. Jumamosi ile alasiri, kwenye uwanja wa bandarini, alisoma nusu ya shairi lake jipya, wenzake wa besi na piano wakapunguza sauti, naye akapeleka chombo mdomoni. Kilichotoka humo, lo! Anselma aliutambua papo hapo.

Ulikuwa wimbo wa mama yake, Ma Filomen.

Tena si zile nyimbo za Ma Filomen ambazo kila mtu anazijua. Ulikuwa ule mpya kabisa, uliotungwa mwaka huu baada ya upasuaji wa koo, ambao hakuna mtu nje ya Chama cha Waridi aliyepaswa kuusikia kabla ya tarehe thelathini ya Agosti, siku ya Mtakatifu Rosa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Na kana kwamba hilo halikutosha, Gaspard alishusha saksafoni, akafumba macho, akaimba na maneno yenyewe, kwa sauti ile ile nzito ambayo kwa miaka miwili ilikuwa ikimwita Anselma mpenzi:

*Nimeimba hadi koo limekauka,*
*pokea, mwanangu, pokea.*

Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Wageni wa meli wakapiga miluzi. Lakini safu ya tano, watu kumi na saba wa Waridi kutoka kijiji cha Fond Cacao walikaa na mikono yao mapajani. Walikuwa wamekodi basi dogo, wakavaa nguo za kanisani, wakaja. Na aliyewabembeleza waje, aliyepita nyumba kwa nyumba akisema "jamani njooni mumsikie, mtampenda", alikuwa Anselma mwenyewe.

Ilibidi wabembelezwe kwa sababu Gaspard ni wa Magrita. Pale Fond Cacao mtu huzaliwa Waridi au Magrita, vyama viwili vya nyimbo vyenye majina ya maua, kama anavyozaliwa na pua ya baba yake. Waridi wana sikukuu yao Agosti, Magrita wana yao Oktoba, na kazi kubwa ya kila upande ni kuiba wimbo mpya wa wenzao mapema, kuugeuza wa kejeli, na kuuimba kila kona. Wimbo ukishavuja, basi tena. Hauimbwi siku ya siku, maana nusu ya kijiji itakuwa inacheka.

Ma Filomen alikaa katikati yao, skafu imezunguka shingo kuficha kovu. Miaka ishirini na minane alikuwa manju wa Waridi, mtunzi na mwanzishaji wa nyimbo zao. Mwaka huu sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono, na wimbo ule ndio uliokuwa wa kumkabidhi Anselma nafasi yake. Alimsikiliza Gaspard mpaka mwisho. Kisha akachukua mkoba wake, akainuka, akaondoka bila kugeuka. Wote kumi na sita wakamfuata.

Verna tu, binamu wa Anselma, ndiye aliyesimama kidogo, akamwinamia Anselma sikioni.

"Hongera, binamu. Ulisema tumsikie. Tumemsikia."

*

Nyuma ya jukwaa Gaspard alikuwa anajifuta jasho kwa taulo, anacheka na mpiga besi. Alipomwona Anselma uso wake ukachanua. Maskini, alikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi wiki nzima.

"Umeusikia? Niambie umeusikia! Nilitaka—"

"Nani kakupa ruhusa?"

Mpiga besi hakuwa mjinga. Alichukua chupa yake ya maji akatokomea.

"Ruhusa ya nini?"

"Gaspard, usinichezee. Nani kakuambia upande pale, mbele ya mama yangu, ucheze wimbo wa mama yangu?"

"Wimbo wa mama yako?" Taulo likabaki hewani. "Wimbo gani wa mama yako?"

"Ule! Huo huo! *Pokea, mwanangu!* Ni wimbo wa mwaka huu! Mama kautunga kitandani hospitali, kwa kalamu, hawezi hata kuzungumza!"

Macho ya Gaspard, yale macho ambayo Anselma aliweza kukaa anayatazama mpaka chai ya kakao ikapoa kikombeni, yalimwangalia kwa namna ambayo hakuizoea.

"Nilikuuliza," akasema taratibu.

"Hukuniuliza kitu."

"Nilikuuliza, Anselma. Ulikuwa kwangu, unapiga pasi ile sketi yako ya kijani, unaimba. Nikakuuliza, wimbo wa nani huo, mbona mtamu hivyo? Ukasema si wa mtu. Ukasema ni wa mabibi wa huko nyuma, hauna mwenyewe. Sasa niambie kama nasema uongo."

Hakusema uongo. Hapo ndipo palipomuuma Anselma, na kwa kuwa palimuuma, hasira ikampanda maradufu. Ndiyo, alijisahau. Pasi ya moto, dirisha wazi, mwanamume anayempenda amelala kwenye kochi na daftari lake, wimbo ukamtoka wenyewe. Alipoulizwa akashtuka. Angemwambiaje mtu wa Magrita kwamba huu ndio wimbo wenyewe wa mwaka? Akaona pa kuuficha wimbo mpya ni kusema ni wa zamani. Akili gani hiyo! Kisiwa kizima kinajua kazi ya Gaspard ni hiyo hiyo, kuokota nyimbo za zamani zisizo na mwenyewe na kuziingiza kwenye jazi. Ni sawa na kumwambia mlevi kwamba ramu ile pale haina mwenyewe.

"Hata kama nilisema," akafoka, "ungeuliza mara ya pili!"

"Nikuulize mara ya pili kwa nini? Nilikuamini."

"Ungemuuliza mama!"

"Mama yako? Yule ambaye nikimwamkia anaitikia kwa kuangalia viatu vyangu?" Akatupa taulo kwenye kiti. "Kumbe ndivyo. Miaka miwili unalala kifuani kwangu, unajua hata jino langu bovu ni lipi, na bado moyoni mwako mimi ni jasusi wa Magrita."

"Sikusema hivyo."

"Ulidanganya kwa sababu gani basi? Sema! Uliogopa nitakwenda kumpigia shangazi yangu Tanti Dosi simu?"

"Ningekwambia ungefanya nini? Si hiki hiki ulichofanya? Wewe huna chako, Gaspard! Unapita kwenye nyua za wanawake wazee unaokota vilio vyao, unavivalisha suti, unapigiwa makofi! Shairi lako, saksafoni yako, kitu gani humo ni chako?"

Maneno mengine yakishatoka yanasikika yalivyo mabaya. Aliona uso wa Gaspard ukijifunga. Alitamani amshike mkono, amwambie sikumaanisha. Mkono haukwenda.

"Haya," Gaspard akasema. "Kesho mna kikao baada ya misa. Nitakuja kuomba radhi."

"Usije!"

"Nitakuja. Nimemuumiza mama mgonjwa mbele za watu. Nitakuja niseme ukweli."

"Ukweli upi?" Sauti ya Anselma ilipasuka.

Gaspard akamgeukia.

"Unaogopa nini, Anselma?"

Akamwambia. Ikamtoka yote kwa pumzi moja: kwamba anayetoa wimbo nje ya chama hawezi kuwa manju, si mwaka huu wala mwaka wowote, kwamba Verna ana sauti kubwa kuliko yake na kila mtu anajua, ila mama alimchagua yeye, kwamba tangu ana miaka sita amekaa miguuni pa mama akimwitikia pambio, akisubiri. Gaspard alisikiliza. Kisha akaifuta saksafoni yake kwa kitambaa, akaifungia kwenye sanduku, akaondoka bila kumjibu ndiyo wala hapana.

*

Jumapili asubuhi walitoka misani wakakuta Magrita wameshajipanga kwenye ngazi za kanisa. Wanawake wanane, na Tanti Dosi mbele, shangazi yake Gaspard, kofia ya zambarau kichwani, kiuno kimeshikwa.

*Pokea, mwanangu, pokea,*
*pokea soksi za baba yako!*
*Zimeoza, pokea,*
*zinanuka, pokea!*

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Hata padri alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Ma Filomen alipita katikati yao kichwa juu, skafu yake nyekundu, na Anselma akiwa nyuma yake alitamani ardhi ipasuke. Wimbo ulikuwa umekwisha. Usiku wote ule wa mama na kalamu yake, umekuwa soksi.

Kikao cha Waridi kilikaa uani kwa Ma Filomen, viti kuzunguka, sufuria la shelisheli na samaki wa chumvi likichemka jikoni. Chama kina mfalme wake na malkia, kina polisi na hakimu, na kesi zake kwa kawaida ni za mzaha: fulani kanusa ua bila ruhusa, fulani kacheza na mke wa mtu ngoma mbili mfululizo. Watu huja kucheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Mfalme alikuwa Mzee Teodil, ambaye siku za kawaida ni fundi wa mitumbwi, mtu mpole sana mpaka pale anapovaa lile taji la kadibodi. Gaspard alipoingia getini, mikono mitupu, shati jeupe, Mzee Teodil alikuwa ameshalivaa.

"Kijana wa Polius."

"Naam, Mfalme."

"Simama hapo. Kiti hatuna."

Viti vilikuwepo sita vitupu. Gaspard akasimama.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema. "Ma Filomen, nakuomba radhi. Sikujua wimbo ni wako. Ningejua—"

"Hukujua!" Verna akadakia. "Jamani, hakujua! Umemwangukia kichwani kama embe?"

"Verna, ngoja," Mzee Teodil akasema. "Kijana, swali ni moja tu. Wimbo haukuwa redioni. Haukuwa kitabuni. Ulikuwa ndani ya ua huu na ndani ya vichwa vya watu hawa. Uliupata wapi?"

Jikoni kifuniko cha sufuria kiligongagonga.

Anselma alikuwa amekaa kando ya mama yake, vidole vimeng'ang'ania pindo la gauni. Gaspard hakumwangalia. Aliangalia chini, kisha akamwangalia Mzee Teodil usoni.

"Niliuiba," akasema.

Ua ukavuma.

"Uliibaje?"

"Ma Filomen alikuwa akimfundisha Anselma. Nilipita nyuma ya nyumba. Nikasimama kwenye dirisha la chumbani, nikasikiliza, nikaandika."

"Mwizi!" mtu akapiga kelele. "Nilisema! Nilisema siku ya kwanza!" "Magrita ni Magrita!" Malkia mwenyewe, mama mtu mzima wa miaka sabini, alitema mate pembeni.

Mzee Teodil akainua mkono. Akamgeukia Anselma, na hapo sauti yake ikawa ya mtu aliyembeba mgongoni utotoni.

"Anselma, mwanangu. Wewe ndiye uliyetutaka tumpokee mtu huyu. Ulisema ni mwema. Sasa umemsikia kwa masikio yako. Una neno?"

Macho yote yakahamia kwake. Na sasa Gaspard naye akamtazama. Hakumwomba kitu kwa macho yale, wala hakumkonyeza. Alisubiri tu, kama alivyokuwa akimsubiri kituoni jioni anapotoka kazini, anajua atakuja.

Alikuwa na neno. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi, dogo tu: *mimi.* Akamwona Verna amenyoosha shingo. Akaiona tarehe thelathini, gauni jekundu lililokwisha kushonwa, watu wote wakimgeukia aanzishe.

"Sina," akasema.

Kitu kilizimika usoni mwa Gaspard. Hakuna mwingine aliyeona, lakini Anselma aliona, maana uso ule alikuwa anaujua kuliko wake.

"Basi toka," Mzee Teodil akasema. "Na usirudi kwenye ua wowote wa Waridi."

Anayefukuzwa na Waridi hutolewa kwa wimbo. Verna alisimama bila kuombwa, akachomeka kanga kiunoni, akautunga pale pale, wa dirisha na sikio refu na mtoto wa Magrita aliyekosa akili ya kutunga. Na jamani, tuseme kweli, alijua kuimba yule! Ua mzima ulimwitikia. Gaspard akatembea mpaka getini katikati ya makofi yao, mabega yamenyooka, akafungua komeo, akalirudishia nyuma yake vizuri, akaenda zake.

Anselma naye aliitikia. Midomo ilicheza na wenzake, machozi yanaingia mdomoni.

*

Ma Filomen alimwita jikoni kwa kidole. Akapunguza moto, akakoroga sufuria, akaonja chumvi. Aliposema, ilikuwa kwa ule mnong'ono uliomlazimu Anselma asogee karibu.

"Dirisha la chumbani."

"Abee, Mama?"

"Dirisha la chumbani nimelipigilia misumari tangu kile kimbunga. Bati nje, ubao ndani. Hata sauti ya jogoo haipiti. Nyinyi wote mmekaa uani pale mnalitazama."

Anselma akakosa pa kuweka mikono.

"Halafu," Ma Filomen akaendelea, akivuta pumzi kila baada ya maneno machache, "kwenye *pokea* ya pili, wimbo unashuka. Wewe unapanda. Wiki mbili nakwambia shuka, wewe unapanda. Jana yule kijana na saksafoni lake alipofika pale, akapanda."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua nikiwa kitini. Makofi hayajaisha nilishajua."

"Mama, mbona ulinyamaza? Kwa nini hukusema pale uani?"

"Niseme na nini?" Akagusa skafu. "Mimi sina sauti, Anselma. Wewe ndiye uliyekuwa na sauti. Nilikaa pale najisemea, ngoja, atasimama sasa. Mwanangu huyu, atasimama. Kijana amesema dirisha, nikasema sasa atasimama. Teodil amekuuliza kwa jina lako, nikasema haya, sasa." Akatikisa kichwa. "Yule sikumpenda. Wala sijui kama nitampenda, anatembea kama mtu anayedhani anatazamwa. Lakini leo amefunga mdomo kwa ajili yako, na wewe ukafunga wako, ukamwacha peke yake."

"Nilikuwa naogopa kukupotezea nafasi, Mama. Nafasi ni yako, ulinipa mimi!"

"Wimbo nitatunga mwingine. Kalamu ninayo." Ma Filomen alifunika sufuria. "Lakini manju ni mtu wa kusimama mbele za watu na kufungua mdomo. Nenda kawaambie. Ukimaliza, mwambie Verna aje hapa nimuone."

Anselma alilia pale jikoni, akamshika mama yake mikono, akapiga magoti. Ma Filomen alimwacha alie. Alimfuta pua kwa ncha ya aproni kama mtoto, akamgeuza kwa mabega, akamsukuma kuelekea uani.

Akawaambia. Hatuhitaji kueleza ilivyokuwa. Watu waliomwita mtu mwizi waliangalia chini, na wengine walimtemea yeye mate. Mzee Teodil alivua taji lake akaliweka chini ya kiti. Verna, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe, alisema tu, "Ungesema wakati yupo." Kisha akaenda jikoni.

*

Anselma alikimbia. Barabara yote ya kijiji, viatu mkononi, mbele ya watu waliokuwa wanapunga upepo vibarazani. Kwa Tanti Dosi alikuta mama huyo amekaa ngazini na bakuli la mbaazi mapajani, anamenya, kofia ya zambarau bado kichwani.

"Hee! Waridi limepotea njia."

"Shikamoo, Tanti. Gaspard yupo?"

"Mwizi? Mwizi yupo. Mmesahau kumtupia mawe, mmekuja kumaliza?"

"Tanti, nakuomba."

"Unaniomba! Asubuhi nilimwimbia mama yako soksi, na nitaimba tena Jumapili ijayo, huo ndio mchezo wetu, hata yeye ananijua. Lakini mimi sijawahi kumwita mtoto wa mtu mwizi mbele ya kijiji. Nyinyi mmefanya hivyo kwa mtoto ambaye mama yake alinifia mikononi." Mbaazi zilikuwa zinaruka bakulini. "Haki ya Mungu, kama si Jumapili!"

"Tanti Dosi," sauti ikatoka ndani. "Mwache."

Gaspard alikuja mlangoni. Alikuwa ameshabadili shati. Nyuma yake kitandani begi lilikuwa wazi, nguo zimekunjwa, daftari la mashairi juu. Kesho asubuhi kulikuwa na boti ya Martinique. Alikuwa na maonyesho huko mpaka mwisho wa Septemba, na walikuwa wamepanga Anselma amfuate sikukuu ikiisha.

"Nimewaambia," Anselma akasema, anahema. "Wote. Nimewaambia niliuimba mimi, nikakudanganya. Wanajua huku—hukuiba. Mama alijua tangu jana. Mimi si manju tena. Ni Verna."

"Pole," Gaspard akasema. Alimaanisha, ilisikika.

"Sikuja kupewa pole. Nimekuja kukuomba msamaha. Yale ya jana, kwamba huna chako, sikumaanisha. Haki ya Mungu sikumaanisha. Na leo—" Akashindwa. "Gaspard, niliogopa. Nilifungua mdomo nitaje jina langu, likatoka neno jingine."

Alimsogelea. Harufu yake ilikuwa ile ile, sabuni na mafuta ya kusafishia saksafoni. Angeinua mkono tu angemgusa kifua. Gaspard hakurudi nyuma, wala hakusogea mbele.

"Uongo wa kwenye pasi nilikusamehe jana ile ile," akasema. "Usiku nilicheka peke yangu. Nikasema mimi mjinga na yeye mjinga, tunafaana. Nikajiuliza nikisema ukweli atapoteza nini, nikisema uongo nitapoteza nini. Nikaona mimi sina cha kupoteza kwa Waridi, hawanipendi hata hivyo. Nikajiambia nitabeba mimi, na yeye hatakubali. Atanikatiza kabla sijamaliza sentensi. Nilikuwa na hakika hiyo, Anselma. Nilitembea mpaka kwenu nikiwa na hakika hiyo."

"Nipige," Anselma akasema. "Nitukane. Niite jina lolote. Lakini usizungumze hivyo, kama unasoma barua."

"Sina hasira."

"Kuwa nazo! Jana ulikuwa nazo!"

"Jana nilikuwa nagombana na mtu wangu."

Tanti Dosi aliacha kumenya mbaazi. Anselma alimshika mkono wa shati, akaushika kwa nguvu.

"Nitakufuata Martinique. Nitakuja na boti ya kesho hiyo hiyo. Nitakaa nje ya mlango wa ukumbi kila siku mpaka uniangalie. Au rudi tarehe thelathini, simama na mimi nyuma kabisa, mwisho wa safu, tuitikie tu. Waone. Utakuja? Siku ya Waridi, utakuja?"

Gaspard alishusha macho kwenye ule mkono. Akaufungua vidole, kimoja kimoja, bila kuuminya. Katika miaka miwili mtu huyu alikuwa amecheka kila alipoulizwa yeye ni ua gani. Mbele ya mama yake Anselma, mbele ya Tanti Dosi mwenyewe, mbele ya mapadri, jibu lake lilikuwa moja, kwamba yeye ni wa Anselma, basi.

"Mimi ni Magrita," akasema. "Sikukuu yangu ni Oktoba."

Akamwambia kwaheri. Akafunga mlango taratibu, kwa adabu, kama anavyofungiwa mgeni aliyekuja kuuliza njia. Anselma alibaki pale ngazini anausubiri ubamizwe. Kama angeubamiza kwa hasira, angejua pa kuanzia kumbembeleza.